Fundo Jekundu

Nyumba ya nyuma ya uwanja,
Jumapili, tarehe 17,
saa kumi na mbili asubuhi.

Mpendwa mdogo wangu,

Nakusalimu kwa mapenzi yote ya kaka kwa dada yake wa pekee. Hujambo? Mgongo wako unaendeleaje? Uliniambia mashuka ya wodi nzima unayainua peke yako, nikakwambia umwombe mkuu wako toroli. Umemwomba? Najua hujamwomba. Sisi kwetu kuomba tunaona kama kuvuliwa nguo.

Huku wote wazima. Mama yetu anakula vizuri, anagombana na redio kila taarifa ya habari, na yale meno yake mapya anayavaa akija mgeni tu. Wifi yako hajambo, ingawa amenuna wiki mbili sasa, na ukifika katikati ya barua hii utajua sababu. Mimi mwili ni mzima. Usingizi ndio umenihama.

Utajiuliza kwa nini naandika wakati simu ninayo na wewe unayo. Nimeamriwa na binti yako. Alisema, "Andika wewe mwenyewe, mjomba, kwa mkono wako. Mimi nitampelekea." Kwa hiyo nimekaa kwenye stoo ya vifaa vya uwanja, nimegeuza ndoo ya chokaa kuwa kiti, ninaandika. Saa nne kamili kuna jambo hapa uwanjani. Likituendea vizuri, barua hii utaletewa kwa mkono. Likienda kombo, nitaibandika stempu. Kwa sasa sijui kama nitahitaji stempu.

Kwanza nikuombe radhi. Siku ile tuliposhinda ulilia kwenye simu mpaka na mimi nikalia, ukaniambia kile kitanda ulichokuwa ukikiahidi umeshakinunua, cha kumlaza binti yako siku atakayopewa ruhusa ya kutoka kambini. Kitanda cha mbao, cha urefu wa mita moja na nusu. Tangu hapo ukipiga nakwambia safari haijathibitishwa kwa sababu kuna karatasi za timu hazijakamilika. Mdogo wangu, hakuna karatasi. Nilikudanganya, tena mara tatu.

Sasa nikueleze ilivyokuwa, na nakuomba usome mpaka mwisho kabla hujakasirika.

Unajua timu yetu ya wasichana walio chini ya miaka kumi na saba ilibakiza mechi mbili tu ifuzu mashindano ya kimataifa, yale yatakayofanyika huko huko unakofanya kazi. Ugenini walitoka sare, bila bila. Mechi ya marudiano ikapangwa kwenye uwanja wangu, Jumamosi tarehe 2. Tukishinda tunakwenda. Wakitoka sare ya magoli wanakwenda wao, kwa goli la ugenini. Na binti yako ndiye golikipa. Hapa hakuna anayemwita kwa jina lake tena, hata mwalimu wake wa hesabu. Anaitwa Kufuli.

Mimi kazi yangu unaijua. Miaka ishirini na sita napiga chokaa uwanja huu, kwa kamba ile ya katani niliyoachiwa na mzee aliyenitangulia. Ina mafundo: meupe ni ya mistari ya boksi, na moja lenye kitambaa chekundu ni la alama ya penalti, mita kumi na moja kutoka mstari wa goli. Ijumaa nilipiga mistari yote. Akaja kamishna wa mechi, mama mmoja mfupi, mkavu, mwenye futi ya chuma ya kuvuta mfukoni, akapima kila kitu mpaka pembe za kona. Akasema, "Mzee, mistari yako haina kasoro." Nilirudi nyumbani nimevimba kichwa, hata chakula nilikula kwa madaha.

Jioni hiyo Kufuli alileta jezi za mazoezi za timu nzima zifuliwe, kwa sababu mashine ya kambini ilikuwa mbovu. Wifi yako akazifua, akazianika, kamba ya nguo ikakatika. Akaingia stoo akachukua kamba yangu. Lile fundo jekundu likawa linanasa jezi, akalifungua. Asubuhi alipoirudisha akalifunga tena. Mpaka leo anaapa alilifunga palepale. Palepale kwa macho, mdogo wangu! Mtu huyo huyo akipima unga hutumia kikombe, tena anakigonga kwa kisu usijae kupita kiasi.

Lakini kosa si lake, na nimeshamwambia hivyo. Kosa ni langu, na linaanzia hapa. Jumamosi alfajiri mvua ilinyesha, ikafuta chokaa upande wa tangi la maji, pale mfereji unapoziba kila siku nami nawaambia kila siku. Saa moja kabla ya mechi nikawa napiga upya upande ule. Kamishna akanifuata, akaninyooshea futi yake ya chuma. "Tumia hii, mzee, tuwe na uhakika." Nikamjibu, "Mama, kamba hii imepima uwanja huu kabla wewe hujajua kupuliza filimbi." Watu wakacheka. Na yeye akacheka, akaondoka na futi yake.

Nilipoweka alama nilihisi kitu. Mimi kutoka golini mpaka pale huwa ni hatua kumi na nne zangu, na siku ile zilizidi. Nikajiambia ni matope, yanafupisha mwendo. Niliiamini kamba nikaidharau miguu yangu mwenyewe. Nikamwaga chokaa, nikaondoka.

Kipindi cha kwanza tulipata goli, kichwa cha yule beki mrefu mtoto wa fundi viatu. Kipindi cha pili Kufuli akahamia goli la upande wa tangi. Wale wageni walitushambulia mpaka nikahisi uwanja umeinama. Binti yako aliruka, akaanguka, akainuka, akawa anawafokea mabeki wake kwa sauti ambayo kama bibi yake angeisikia angempiga kofi. Dakika ya themanini na sita, beki wetu akaunawa mpira ndani ya boksi. Penalti.

Mimi nilikuwa nimesimama nyuma ya kibendera cha kona, ndoo mkononi. Mwamuzi akauweka mpira kwenye alama yangu, na hapo ndipo nikaona. Sijui nikuelezeje. Mtu akikaa na uwanja miaka ishirini na sita anaujua kama mdomo wake. Mpira ulikuwa mbali mno. Picha ya jezi zikining'inia kwenye kamba yangu ikanijia pale pale, nikaelewa kila kitu kwa mara moja.

Kamishna alikuwa amekaa hatua kumi kutoka kwangu. Futi yake ilikuwa mfukoni, niliiona ilivyotuna. Nilichotakiwa kusema ni maneno mawili: pima tena. Nikafungua mdomo. Na nitakwambia ukweli wote: nikakiona kitanda chako. Sijawahi kukiona, lakini nilikiona, na shuka jeupe juu yake, na wewe umekaa ukingoni unasubiri. Miaka sita, mdogo wangu. Nikaufunga mdomo.

Yule binti wao akapiga, akaipiga vizuri, chini kulia. Kufuli akaifuata akaikumbatia. Uwanja ukalipuka. Walimbeba juu, mwalimu wa hesabu akipiga mbinja na vidole mdomoni, na mimi nikarukaruka pamoja nao. Dakika zilizobaki zikaisha. Tukawa tumefuzu, na nikakupigia simu.

Usiku ule nyumbani Kufuli alikuwa anavua glavu, akasema tu, "Mjomba, yule mpira ulitoka mbali." Nikamwambia ni uchovu wake. Hakubisha. Wewe humjui binti yako anapoacha kubisha, kwa sababu ulipoondoka alikuwa na miaka kumi na alikuwa anabishia kila kitu. Sasa akinyamaza ndipo uogope.

Jumapili nzima hakusema. Jumatatu hakusema. Jumanne asubuhi nilimkuta mezani, glavu zimewekwa mbele yake, na pembeni futi ya kushonea ya wifi yako. Alikuwa ametoka uwanjani. Alisema, "Nimepima mara tatu. Imezidi sentimita sitini." Kisha, "Utasema wewe, au niseme mimi?"

Nilimfokea. Nasema ukweli, nilimfokea vibaya. Nikamwambia hajui uchungu wa mtu aliyekaa miaka sita akifua mashuka ya wagonjwa wa watu, hajui kulala chumba kimoja na mgeni ili yeye asome. Nikamwambia penalti kaidaka kwa mikono yake, hakuna aliyempa. Akanisikiliza mpaka nikaishiwa pumzi. Halafu akauliza, kwa sauti ya chini kabisa, "Mama akiniuliza nilifikaje kwake, nimwambie nini?"

Mimi nina miaka hamsini na minane, nikaenda kuvaa viatu. Wewe ungemjibu nini?

Tulikwenda pamoja kwa kamishna, asubuhi hiyo hiyo. Alikuwa bado mjini anamalizia ripoti. Nilimweleza yote, na jezi, na fundo, na ndoo, na mdomo niliofunga. Hakunikaripia. Alitoa futi yake mfukoni akasema, "Twende." Alama ilikuwa bado ipo. Mita kumi na moja na sentimita sitini na mbili. Akaandika, nikatia sahihi, Kufuli naye akatia sahihi ingawa hakuna aliyemwomba.

Mji huu umetuonyesha rangi zake tangu siku hiyo. Kinyozi jirani, aliyeninyoa bure kwa furaha baada ya ushindi, aliniambia kiti kimejaa na hakikuwa na mtu. Kuna mtu ameandika neno baya kwa mkaa kwenye mlango wa stoo. Beki mrefu hasemi na Kufuli. Kocha wetu aliwaita wachezaji wote akamsimamisha binti yako mbele yao, akawaambia kama kuna mwenye la kusema aliseme pale, si chooni. Hakuna aliyesema, lakini na mpira hawampasii sana mazoezini. Anarudi nyumbani, anakula, anaosha sahani yake, analala. Simwoni akilia. Nasikia maji ya bomba yakitiririka muda mrefu kuliko kawaida.

Jumatatu tarehe 11 kamati ya mashindano ikatoa uamuzi, na uamuzi wenyewe ukiusikia utadhani nakutania. Mechi hairudiwi. Inarudiwa penalti. Timu zote mbili zirudi uwanjani, wachezaji wale wale wasimame walivyosimama dakika ya themanini na sita, sisi moja wao bila, yule binti apige tena kutoka mita kumi na moja kamili, kisha zichezwe dakika nne zilizobaki. Bila watazamaji. Watu ishirini na wangapi wamepanda ndege kuja kupiga shuti moja!

Akidaka, anakuja kwako. Akifungwa, zimebaki dakika nne za kutafuta goli jingine, na wale wageni watajaza mabeki mpaka golini. Kwa hiyo ni shuti lile. Basi.

Na mimi nimeamriwa niweke alama hiyo, mimi mwenyewe, mbele ya makocha wote wawili. Nadhani kamishna ndiye aliyeomba iwe hivyo. Sijui kama ni adhabu au heshima. Baada ya hapo nimesimamishwa kazi mpaka msimu uishe. Nyumba ya kazi hawajaigusa, usipatwe na wasiwasi.

Kumepambazuka kabisa. Nasikia basi la wageni linaingia getini. Mwandiko umepinda, na unajua mimi mistari yangu haipindi. Naacha hapa.

Jumapili hiyo hiyo, saa tisa alasiri.

Nimerudi kwenye ndoo yangu. Nitakusimulia kwa mpangilio, maana nikianzia mwisho sitaweza.

Uwanja mtupu ni kitu cha kutisha. Nimeufagia mtupu maelfu ya mara lakini leo ulikuwa mtupu na watu ndani yake. Ukikohoa unajisikia upande wa pili. Kamishna akashika ncha ya futi kwenye mstari wa goli, mimi nikaivuta nikarudi kinyumenyume mpaka kumi na moja. Nikapiga magoti. Kocha wa wageni akainama juu yangu akasoma namba, kocha wetu akasoma, mwamuzi akasoma. Nikamimina chokaa kwa kijiko, taratibu. Nilipoinua kichwa, Kufuli alikuwa kwenye mstari wake ananitazama. Hakutabasamu. Alinitikisia kichwa mara moja, kama fundi anavyomtikisia mwenzake kazi ikikaa sawa.

Yule mpigaji wao nilimwona kwa karibu leo. Ni mtoto, mdogo wangu. Ana bandeji gotini na kucha zake amezitafuna zote. Wiki mbili amekaa na shuti lile lile kichwani, na sababu ya yote ni mimi. Nilitaka kumwomba radhi, nikaona nitamharibia zaidi. Nikaondoka nikasimama pale pale nilipokuwa siku ile, nyuma ya kibendera cha kona.

Filimbi ikapulizwa. Na mimi, kaka yako niliyejiapiza kutazama mpaka mwisho, nilishindwa. Macho yalibaki kwenye alama. Niliona kiatu kikipita, niliona chokaa yangu ikiruka vumbi. Mpira sikuuona. Lakini uwanja mtupu hauna siri. Nilisikia kishindo cha mguu, halafu nikasikia glavu.

Ni glavu, mdogo wangu. Wavu hausikiki vile.

Nilikaa chini kwenye majani mabichi na suruali yangu ya heshima. Mpira uliparazwa na vidole, ukagonga mwamba, ukatoka kona. Hayo nimeyasimuliwa. Kisha zikaja zile dakika nne, na nakuapia zilikuwa ndefu kuliko miaka yako sita. Kona tatu walipiga. Ya tatu Kufuli aliutokea mpira katikati ya vichwa vyote, akaulalia, na alipouinua mwamuzi akapuliza. Beki mrefu ndiye aliyemfikia wa kwanza. Walianguka wote wawili na sikusikia walichoambiana.

Kabla hajasherehekea na mtu alimwendea yule binti wa kucha, aliyekuwa amekaa kwenye alama yangu amefunika uso kwa jezi. Akachuchumaa naye pale muda mrefu. Ndipo akaja kwangu, ananuka matope na jasho, akasema, "Mjomba, huu ulitoka karibu."

Nikamwambia, "Ulitoka panapotakiwa."

Akanikumbatia na glavu zake chafu. Shati limeharibika na sitalifua.

Stempu sikununua. Timu inaondoka Alhamisi, na barua hii nitamkabidhi Kufuli ikiwa imefungwa. Nimemwambia asikuambie lolote mpaka uisome. Akikuuliza kama umemkasirikia mjomba wake, mjibu ukweli, wowote ule. Mimi nitaupokea.

Mama anakusalimu sana; leo amevaa meno yake bila mgeni. Wifi yako anakusalimu, kicheko kimemrudi, na amenunua kamba mpya ya nguo, nene ya kufungia ng'ombe. Kinyozi amepita saa moja iliyopita kusema kiti kipo wazi, nimemwambia nitafikiria. Nisalimie yule muuguzi unayekaa naye chumba, mwambie asante kwa kukukanda mgongo. Mungu akulinde, akupe afya, na akupe likizo ya siku zote atakazokuwa Kufuli huko.

Limebaki moja, la kitanda.

Leo nimemsimamisha Kufuli kwenye fremu ya mlango nikampima. Sikutumia kamba, niliazima futi ya kamishna. Ni mita moja na sentimita sabini na nne, bila viatu. Kwenye picha huwezi kujua, kwa sababu golikipa hupigwa picha amechuchumaa au amelala na mpira. Kitanda chako ni kifupi, mdogo wangu. Nilijua tangu siku uliyonitajia urefu wake, nikanyamaza, nikaona haya kukukumbusha kwamba mtoto uliyemwacha hayupo tena. Nimenyamaza mara mbili mwezi huu na zote mbili zimeniumiza.

Basi vuta godoro chini, mlale wote wawili. Na sasa iweke barua hii mfukoni uinue macho. Juu zaidi ya pale unapotazamia.

Wako akupendaye kwa kipimo kamili,
Kaka yako wa chokaa.